Kabla ya Kusema Homoni, Uliza Tezi Ipi

Wadogo zangu, sogeeni karibu. Leo nina maneno nanyi, na naomba mtu asinyanyuke katikati kwa kuona dada ameanza kufoka.

Siku hizi kila mkinieleza shida zenu, mwenye kosa ni mmoja tu: homoni. Hedhi imeruka miezi miwili, homoni. Chunusi zimerudi ukubwani, homoni. Kidevu kimeota vinyweleo, mimba haishiki, usingizi hauji, hasira za bure na mume, zote homoni. Nikiuliza nani amekupima, kimya. Nikiuliza nani amekuambia, basi ni jirani, au shoga wa saluni, au yule muuzaji anayepita na chupa za maji ya kahawia, kila chupa na karatasi yake: inasafisha homoni, inasafisha kizazi, inarudisha mwili. Umenunua, umekunywa, umeharisha siku tatu, ukaambiwa huo ndio uchafu unaotoka. Sasa hela imekwenda na hedhi bado haijaja.

Sikulaumu, mdogo wangu. Mwenye shida hachagui mlango wa kubisha. Shuleni wengi somo hili la tezi walilikariri kwa ajili ya mtihani, wakaliacha humo humo kwenye daftari. Tena haya ni mambo ya ndani ya nguo, wengi wenu mnaona haya hata kumtajia nesi. Lakini mficha uchi hazai, na leo hapa hatufichi kitu.

Anza kwa kulishika hili: homoni si uchafu, na hakuna cha kusafisha. Ni kemikali ambazo tezi za mwili hutengeneza na kuzimimina ndani ya damu. Tezi za mate zina mirija inayopeleka mate mdomoni, na za jasho zina mirija inayotokea kwenye ngozi. Tezi za homoni hazina mrija. Zinamwaga kwenye damu, damu inazunguka mwili mzima, na kiungo chenye uwezo wa kuipokea homoni ile ndicho kinachoitika. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, homoni nyingi maabara huzipima kwa sehemu za bilioni za gramu. Ndiyo maana hofu inanishika nikiona mtu anajimiminia homoni mwilini bila kujua.

Bila shaka mmeshamwona mama aliyejifungua majuzi, amemwacha mwanawe nyumbani akatoka mara moja kwenda sokoni. Yuko pale anachagua nyanya. Kibanda cha pili mtoto wa mtu mwingine anaanza kulia. Ghafla mama anashika kifua, blauzi imeshalowa, anavuta kanga ajifunike kwa aibu. Hakuna aliyemgusa. Masikio yamesikia kilio, ubongo umetoa amri, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo imemwaga oksitosini kwenye damu, na vijimisuli ndani ya titi vimekamua maziwa. Yote ndani ya muda mfupi, na mtoto mwenyewe si wake! Maziwa hayo yalitengenezwa kwa amri ya homoni nyingine ya tezi hiyo hiyo, prolaktini. Na oksitosini hiyo hiyo ndiyo inayouminya mfuko wa uzazi wakati wa uchungu, na ndiyo sindano mnayochomwa pajani mtoto akishatoka tu, ili damu isimwagike. Wale mnaomkatalia mkunga sindano ile kwa kusikia kwamba inaharibu kizazi, tafadhali, muacheni afanye kazi yake.

Pituitari si kubwa kuliko punje ya njegere. Juu yake ipo haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopokea habari zote za njaa, hofu, baridi na usingizi. Hizi mbili ndizo zinazoamuru tezi ya shingo, tezi mbili zilizokaa juu ya figo, ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Kongosho linaisimamia sukari kwa utaratibu wake lenyewe, na nyuma ya tezi ya shingo kuna vijitezi vinne vinavyolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kwa hiyo mtu akikuambia homoni zako zimevurugika, muulize kwa upole: tezi ipi, na homoni ipi? Akikosa jibu, funga pochi yako.

Namna tezi hizi zinavyosikilizana ndiyo nataka muielewe kuliko yote, kwa maana humo ndimo mnamoumizwa. Angalieni tangi la maji la nyumbani. Ndani yake kuna boya. Maji yakipungua boya linashuka na bomba linafunguka, maji yakijaa boya linapanda na bomba linajifunga. Pituitari nayo iko hivyo. Homoni ya tezi ya shingo ikipungua kwenye damu, pituitari inaongeza amri yake, homoni iitwayo TSH, na homoni ile ikitosha amri inapungua. Ndiyo sababu daktari akishuku tezi ya shingo huanza kwa kupima TSH. Ikiwa juu, mara nyingi tezi yenyewe imelegea. Ikiwa chini kabisa, mara nyingi tezi inazalisha kupita kiasi. Sasa jiulize, ukimimina maji ya nje kwenye tangi kila siku, bomba lake litafunguka lini? Lishikeni swali hilo, nitalihitaji mbele kidogo.

Nianze na shingo. Ukijiona unavuta blanketi Dar es Salaam mwezi wa Februari, wenzako wamefungua madirisha yote, usiseme tu umeumbwa hivyo. Ukiongeza na choo kigumu, uzito unaopanda bila kula zaidi, nywele zinazokatika, ngozi kavu, hedhi nzito, usahaulifu na uchovu ambao hata ukilala hauondoki, hapo tezi ya shingo inaweza kuwa imelegea. Waume mnisikie: mwanamke wa namna hiyo msimwite mvivu. Anaamka na mwili wa mtu aliyekesha.

Mwingine yuko kinyume chake. Moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi, anakula sahani mbili na bado gauni linampwaya, macho yanamtoka, joto halivumilii. Mtaani kesi imeshahukumiwa: ana ngoma, au ana jini. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, anazidi kukonda, na tezi inaendelea kumwaga homoni hadi moyo unachoka. Ugonjwa huu una vidonge na una matibabu hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii si mgonjwa anayeficha, ni sisi tunaomfichia kwa kuyapa maradhi yake jina la jini.

Tezi hii haiwezi kutengeneza homoni zake bila madini joto, yale mnayoyaona yameandikwa kwenye pakiti ya chumvi. Mwili hauyatengenezi, lazima yaingie kwa mdomo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ni chembe tu, lakini ikikosekana tezi inavimba kwa kujitahidi, na hilo ndilo rovu. Waliokulia Iringa, Mbeya na Rukwa wanawakumbuka mabibi wenye shingo zilizojaa, maana ardhi ya milimani imeoshwa na mvua miaka na miaka, na chakula kinachoota hapo hakina madini hayo ya kutosha. Katika miaka ya 1990 Tanzania iliweka sheria chumvi ya kula itiwe madini joto, Kenya ilikuwa imeshatangulia. Na msidhani ni shida ya wa milimani peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wa Zanzibar, wanaokula samaki na kuzungukwa na bahari pande zote, walipopimwa walikutwa nao wamepungukiwa, kwa sababu chumvi nyingi iliyoliwa ilitoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani bila kutiwa chochote. Na kule kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu upande wa Kongo, wataalamu walioanza kuchunguza tangu miaka ya 1960 walionyesha kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huzidisha tatizo. Sumu ya muhogo mchungu ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kitu kinachoizuia tezi isiyachukue hata yale madini machache yaliyopo. Muhogo mchungu uloweke, uanike, uukaushe vizuri kama mabibi walivyofundisha, usiufanyie haraka.

Rovu linaonekana, lakini linaloniuma mimi ni lisiloonekana. Mtoto tumboni anajengewa ubongo kwa msaada wa homoni za tezi ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, mfupi, au mzito wa akili kwa maisha yake yote, na hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Kwa hiyo chumvi ya mawe ya kupimiwa kwa kopo, yenye bei nafuu, iache. Nunua yenye madini joto, itie kwenye chombo chenye mfuniko, iweke mbali na mvuke wa jiko, na uitie chunguni mchuzi ukikaribia kuiva, kwa sababu madini hayo hupotea. Tena sikuambii uongeze chumvi. Ni ile ile kidogo, ila iwe ya aina hiyo.

Haya, tumefika kwenye mkorogo wa kujichubua, na hapa ndipo nitakapofoka.

Tezi mbili za juu ya figo hutengeneza adrenalini, ile inayokurusha ukisikia honi ya lori nyuma yako, na hutengeneza kotisoli. Kotisoli hupanda alfajiri kukuamsha, hushikilia presha na sukari ya damu, na ukiugua sana, ukipata ajali au ukipasuliwa, ndiyo inayokushikia roho. Bila kotisoli mtu hafiki mbali. Sasa ndani ya tyubu nyingi za kujichubua, na ndani ya makopo yanayokorogwa kibandani, kuna klobetasoli au betamethasoni. Hizo ni steroidi, jamii moja na kotisoli, ila zina nguvu kuishinda mara nyingi. Unajipaka uso, shingo, mikono, mapaja, asubuhi na jioni, miezi kwa miezi, na ngozi inakunywa. Vidonge vya kunenepa unavyouziwa kwa kuhesabiwa kwenye karatasi, bila jina, vingi ni deksamethasoni au prednisoloni, steroidi zile zile. Mmoja anataka rangi, mwingine anataka hipsi, na wote wawili wanamimina maji ya nje kwenye tangi.

Boya limepanda, bomba limefungwa. Pituitari inaona damu imejaa steroidi, inaacha kuziamuru tezi za juu ya figo, na tezi zisizoamriwa zinasinyaa. Wewe hujui. Unajiona umenawiri. Mashavu yamejaa, uso umekuwa mviringo, watu wanasema ndoa imekukubali. Kumbe yale ni mafuta na maji yaliyohama: tumbo linakua, nyuma ya shingo panaota kinundu, na mapaja yenyewe uliyotaka yajae yanapoteza misuli mpaka kupanda ngazi ni kazi. Tumboni inatokea michirizi ya zambarau. Presha inapanda, sukari inapanda, mifupa inakonda, hedhi inaruka. Ngozi inakuwa laini kiasi kwamba ukigongwa kidogo inavilia damu, na siku ukijifungua kwa upasuaji, kidonda kinachelewa kufunga, daktari anakuuliza ulikuwa unajipaka nini, na wewe unasema mafuta ya nazi.

Mwambie, mdogo wangu. Nakuomba sana. Daktari hajakuuliza akuhukumu.

Maana hatari kubwa zaidi iko mahali msipoitarajia: siku ya kuacha. Umesikia maneno yangu, umeona uchungu, umetupa tyubu na vidonge vyote jalalani usiku huo huo. Tezi zako zimelala, haziwezi kuamka kesho yake, huenda zikahitaji miezi. Ikija malaria kali, au ajali ya bodaboda, au upasuaji, mwili unaitisha kotisoli na hakuna. Unatapika, tumbo linauma, presha inashuka, sukari inashuka, unazimia, na watu wanakufa hivyo huku ndugu wakisema alikuwa mzima jana. Steroidi iliyotumika kwa muda mrefu hupunguzwa pole pole, chini ya macho ya daktari. Na wewe uliyeandikiwa prednisoloni hospitali kwa ajili ya pumu au viungo, mkorogo haukuhusu. Dawa yako ina sababu, endelea nayo kama ulivyoelekezwa, ila hata wewe usiikatishe kwa sababu imekuisha na hujapata nauli ya kwenda kuchukua nyingine. Omba, kopa, nenda.

Tuje kwenye hedhi, ambayo najua ndiyo mliyokuwa mnaisubiri. Pituitari hutuma homoni inayokuza yai ndani ya ovari. Yai likikua, ovari humwaga estrojeni, na ukuta wa mfuko wa uzazi unanenepa. Estrojeni ikifika juu, pituitari inarusha homoni nyingine kwa wingi, yai linatoka. Pale lilipotoka panabaki kijitezi cha muda kinachotoa projesteroni kwa kama wiki mbili, kikisubiri mimba. Mimba isipoingia kinanyauka, projesteroni inaanguka, na ukuta ule unatoka kuwa damu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya damu hadi nyingine, siku 21 mpaka 35 kwa mtu mzima ni kawaida. Mwenzako mwenye 28 kamili hakushindi kwa lolote.

Na kumbukeni amri ya kwanza inatoka kwenye ubongo. Msichana aliye na mtihani wa taifa, aliyefiwa, anayejinyima kula ili akonde, anayekimbia asubuhi na jioni na kulala njaa, ubongo wake unaona huu si wakati wa kubeba mimba, unapunguza amri, hedhi inakatika. Dawa ya huyo ni sahani ya chakula, usingizi, na mtu wa kumsikiliza. Chupa ya maji ya kahawia itamharisha na kumkondesha zaidi.

Wengine hali ni tofauti. Hedhi inakuja kwa mwaka mara nne au tano, kidevu na kifua vinaota nywele, chunusi hazikauki, mimba inachelewa. Kuna tatizo la ovari ambalo madaktari huliita PCOS, na Shirika la Afya Duniani linakadiria liko kwa asilimia 6 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, wengi wao bila kujua. Ovari zinatoa homoni za kiume zaidi ya kawaida, na mara nyingi mwili unakuwa mzito kuisikia insulini. Najua unavyonyoa kidevu alfajiri kabla mumeo hajaamka. Najua mawifi wanavyoongea. Hujarogwa na hukuzaliwa nusu mwanamume. Linatibika kwa sehemu kubwa, kupunguza uzito hata kidogo kwa mwenye uzito uliozidi huwasaidia wengi kurudisha hedhi, na zipo dawa za kulipevusha yai. Ila usiliache miaka kumi kwa aibu, kwa sababu hedhi isiyokuja inaacha ukuta wa mfuko wa uzazi ukinenepa bila kutoka, na huko mbele unaweza kugeuka saratani.

P2 nayo, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Ile ni homoni ya jamii ya projesteroni, inachelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka, haikusaidii. Imeze mapema uwezavyo ndani ya saa 72, na hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa. Haiharibu kizazi kama mnavyotishana, wala si ya kumeza kila Jumapili asubuhi, kwa sababu inakinga kidogo kuliko njia za kawaida za uzazi wa mpango, na hedhi itakuwa ovyo usijue upo wapi. Ikipita wiki baada ya tarehe yako hujaona damu, pima mimba. Kijiti na sindano za uzazi wa mpango navyo vinaweza kubadilisha hedhi au kuikata kabisa, na damu haijikusanyi popote tumboni, ni kwamba ukuta haujanenepa. Ukiacha sindano ya miezi mitatu, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, wengine miezi tisa, wengine mwaka. Anayekuuzia dawa ya kutoa sindano mwilini anakuuzia muda ambao ungepita bure.

Kuna jambo moja nataka mlisikie kwa utulivu, hasa ninyi mnaokaa na wazazi waliojifungua. Mwanamke amemwaga damu nyingi sana wakati wa kujifungua, karibu kufa, akapona. Lakini maziwa hayakutoka hata tone. Miezi ikapita, hedhi haikurudi. Nywele za kwapa alizonyoa hazikuota tena. Anahisi baridi, hana nguvu ya kubeba ndoo, hamu ya mume imekwisha, anaishi kwa kujikokota. Ndugu wanasema amechezewa na mke mwenza, au wanasema ana kiburi. Mwaka 1937 daktari Mwingereza, Harold Sheehan, alieleza chanzo cha hali hiyo: pituitari hukua wakati wa ujauzito na huhitaji damu zaidi, na damu ikimwagika sana presha ikaanguka, sehemu ya tezi ile inakufa kwa kukosa damu. Tezi zote zilizokuwa zikipokea amri zinabaki zimenyamaza. Wapo wanawake wanaoishi hivyo miaka mingi wakizunguka kwa waganga, na dawa yao ni vidonge vya kila siku vya kujaza homoni zilizokosekana. Ukimjua dada wa namna hiyo, mshike mkono, mpeleke hospitali kubwa, na mwambie daktari maneno haya mawili: alimwaga damu nyingi, na maziwa hayakutoka. Hayo peke yake yatamfungua daktari macho.

Kwenye kongosho sitakaa sana, kwa kuwa habari za kisukari cha watu wazima mnazisikia kila siku. Nataka mama wa mtoto anisikie. Ukila ugali sukari ya damu inapanda, kongosho linamwaga insulini, na insulini ndiyo inayoiingiza sukari kwenye misuli na ini. Wapo watoto ambao kongosho lao linaacha kabisa kutengeneza insulini. Mtoto anakunywa maji mtungi mzima, anakojoa usiku kucha, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena, anakula na kukonda. Kisha anatapika, anahema kwa nguvu, analala fofofo. Wengi hutibiwa malaria mpaka mwisho. Omba apimwe sukari, ni tone moja la damu ya kidole. Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo, mpaka Januari 1922 kule Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipochomwa insulini ya kwanza na akaishi. Na usikate tamaa kwa kuwa nyumbani huna friji. Utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva uliotolewa mwaka 2021, ukifuata joto la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37. Wauguzi watakuelekeza kuihifadhi kwenye mtungi wa udongo wenye ubaridi. Ila sindano usiikatishe hata siku moja, hata mhubiri akikuambia mtoto amepona.

Ninyi kaka zangu wadogo mlionyamaza nyuma, nawaona. Wewe wa miaka 14 uliyeota kijititi kimoja kinachouma, ni homoni za kubalehe, wavulana wengi hupitia, na kwa kawaida kinapotea ndani ya mwaka mmoja au miwili. Na wewe wa jimu unayejidunga testosteroni upate kifua: pituitari inaona imejaa, inaacha kuziamuru korodani, zinasinyaa, na mbegu zinapungua hadi kuisha. Utakuwa na kifua, na mkeo atasumbuliwa ukweni kwamba hazai.

Basi, mdogo wangu, usikae na haya maneno mpaka yapoe. Wiki hii andika kwenye karatasi tarehe ya hedhi zako tatu za mwisho, uzito wako ulivyobadilika, na kila unachokunywa, unachomeza na unachojipaka, pamoja na ile chupa ya kahawia. Tia vyote kwenye mfuko wa kitambaa. Nenda zahanati, sukari, presha na mimba watakupima huko. TSH na homoni nyingine huenda zikahitaji hospitali ya wilaya au ya rufaa, omba barua uende. Muulize daktari anashuku tezi ipi, kipimo kipi kitaonyesha, na kama kinahitaji uje asubuhi kabla hujala. Hayo ni maswali ya adabu, hakuna anayepaswa kukukaripia kwa kuyauliza.

Na wewe mwenye tyubu mkobani, au vidonge vya kunenepa chini ya godoro, ambaye umesoma mpaka hapa huku moyo unakudunda: usivitupe leo, na usiongeze vingine. Vibebe hivyo hivyo, mwonyeshe daktari kesho, umwambie umevitumia tangu lini, akupangie namna ya kuviacha.